Yaliyomo Ndani Yaandikwe Mlangoni

Kama uko jikoni unasubiri wali ukauke, kama umo ndani ya daladala au matatu unarudi nyumbani, kama unalinda geti usiku huu na redio ndiyo mwenzako, karibu tukae pamoja dakika hizi chache.

Leo nimekuja na jambo ambalo mabinti zetu wengi wanalijua kuliko sisi wazazi wao. Wanalisoma kwenye simu, chini ya shuka, sisi tukidhani wanachati. Nazungumzia hadithi za mashabiki. Na ndani ya hadithi hizo nimechagua kitu kimoja kidogo: yale maneno machache yanayoandikwa juu kabisa, kabla hadithi haijaanza, kumweleza msomaji atakachokikuta. Wengine huyaita maonyo, wengine tahadhari, vijana wanasema tagi. Mimi jioni ya leo nitayaita lebo.

Tuanze na swali. Hadithi ya shabiki ni nini?

Umetazama tamthilia ya Kikorea wiki nzima. Imekwisha, na wale wawili hawakuoana. Umeudhika. Unalala huku unaipanga upya kichwani: kijana angewahi uwanja wa ndege, mama mkwe angeumbuka, harusi ingefungwa. Sasa wapo watu ambao hawaishii kuipanga kichwani. Wanaiandika, mara nyingine ikawa ndefu kuliko riwaya yoyote uliyosoma shuleni, kisha wanaiweka mtandaoni watu waisome bure. Wahusika wamewakuta kwa mwingine, lakini safari wanayowapeleka ni yao. Hiyo ndiyo hadithi ya shabiki.

Wala usidhani ni mambo ya juzi. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa Star Trek, wa watu wanaosafiri angani kwa chombo chao, nahodha akiwa Kirk na msaidizi wake akiwa Spock, yule mwenye masikio yaliyochongoka. Mwaka uliofuata, 1967, mashabiki wakatoa jarida lao, Spockanalia. Intaneti haikuwapo. Mtu alipiga taipu hadithi yake, ikadurufiwa, nakala zikatiwa kwenye bahasha zikaenda kwa posta. Na wengi wa waandishi hao walikuwa wanawake. Hilo lishike, tutalirudia.

Miaka ya 1970 baadhi ya hadithi hizo zikawa za mapenzi, tena mapenzi kati ya Kirk na Spock wenyewe. Wapo waliozipenda, wapo zilizowachukiza. Msomaji angejuaje kabla ya kutoa pesa yake? Mashabiki wakatumia alama ya mkwaju. Majina mawili yakitenganishwa kwa mkwaju, humo ndani mna mapenzi. Yakiunganishwa kwa alama ya "na", mna urafiki tu. Na majarida yenye mambo ya wakubwa yaliuzwa kwa mtu aliyetia sahihi kwamba umri wake umefika. Kijistari kimoja, msikilizaji, kimechorwa mshazari, na msomaji ameshajua aingie au apite. Mpaka leo kinatumika vilevile.

Intaneti ilipofika, desturi hiyo ikapanuka. Mashabiki wa X-Files, mchezo ulioanza mwaka 1993 wa maofisa wawili wa FBI wanaochunguza mambo yasiyoelezeka, walikuwa wakitanguliza maelezo juu ya kila hadithi: inafaa umri gani, ni ya huzuni au ya kuchekesha, mhusika anakufa au hafi, inafichua sehemu zipi za mchezo ili ambaye hajazitazama asiharibiwe utamu. Hakuna serikali iliyowaamuru. Hakuna kampuni iliyowadai. Walijitungia.

Narudia: walijitungia wenyewe, kwa sababu waliandikiana kama watu wanaojuana. Ni sawa na mwenyeji anayemwambia mgeni, kabla hajatia tonge mdomoni, kwamba mchuzi huu una kamba. Hasemi kamba ni wabaya, wala hamkatazi mgeni kula. Anajua tu kwamba wapo wanaovimba.

Sasa nakupeleka mahali ambapo lebo ziliangukia mikononi mwa watu wengine, na hapa ndipo mambo yalipochafuka.

Mwaka 1998 ilifunguliwa tovuti ya FanFiction.net, ikawa kubwa sana. Mwaka 2002 ikaamua kwamba hadithi zenye lebo ya juu kabisa, zile za wakubwa watupu, hazitakiwi tena. Zikaondolewa. Hebu tafakari kidogo. Ni nani alikuwa ameweka lebo hiyo? Ni mwandishi mkweli, aliyesema wazi kwamba hii si ya watoto. Huyo ndiye aliyefutiwa kazi. Aliyeandika mambo yaleyale na kuyabandika lebo ya chini alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kubaki. Mwandishi wa kesho yake alijifunza nini hapo, kama si kwamba kusema kweli kunafukuzisha?

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja mwishoni mwa Mei 2007.

Wakati huo mashabiki wengi walikuwa LiveJournal, mahali pa kuandika shajara mtandaoni, mali ya kampuni ya Marekani iliyoitwa Six Apart. Kila mtu alikuwa na ukurasa wa kujieleza, na kwenye ukurasa huo palikuwa na nafasi ya kuorodhesha mambo yanayokugusa: muziki, upishi, Harry Potter, chochote. Orodha hiyo ndiyo iliyowakutanisha watu. Kikundi kimoja cha kampeni kikalalamika kwamba humo ndani mna wanaowadhuru watoto. Ni shutuma nzito, na hakuna mzazi asiyeshtuka akiisikia. Lakini kampuni, badala ya kufungua na kusoma, ikatazama yale maneno ya kwenye orodha. Ukurasa wenye neno la ubakaji, ukafungwa. Ukurasa wenye neno la maharimu kuingiliana, ukafungwa. Kurasa kama mia tano, kwa muda mfupi. Majina ya wenye kurasa yakaonekana yamepigwa mstari katikati, na ndiyo sababu mashabiki wanalikumbuka tukio hilo kwa jina la Strikethrough.

Sasa nisikilize vizuri. Ni nani waliopigwa mstari? Walikuwamo waandishi wa hadithi za Harry Potter. Walikuwamo wasomaji wa Kihispania waliokuwa wakijadili riwaya ya Lolita ya Vladimir Nabokov, kitabu kinachosomeshwa vyuo vikuu. Na walikuwamo manusura: watu waliotendewa unyama, waliokutana pale kupeana moyo. Waliliandika neno lile kwa sababu ndilo lililowapata. Ndilo neno ambalo mwenzao mwingine angelitafuta usiku wa manane, akiwa hana mtu wa kumwambia nyumbani kwao. Na kwa neno hilohilo wakafungiwa mlango, wakiwekwa fungu moja na watu wa aina ya wale waliowaumiza.

Mkuu wa kampuni aliomba radhi hadharani, na nyingi za kurasa hizo zikarudishwa. Lakini hofu ilikuwa imeingia. Lebo iliyoandikwa ili kumsaidia msomaji ilikuwa imesomwa na mtu asiye na nia ya kusoma hadithi, ikawa hati ya mashtaka.

Mimi nalichukua tukio hili kwa uzito, na nitakuambia kwa nini. Tunapozungumza juu ya maonyo ya maudhui, wengi wetu haraka tunafikiria kuzuia. Tunafikiria bodi, tunafikiria mkasi. Wasikilizaji wa Kenya mnazijua alama za Bodi ya Uainishaji Filamu: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto akiwa na mzazi, kisha 16, kisha 18. Hizo zinatolewa na ofisi ya serikali, na ofisi hiyohiyo ina uwezo wa kusema filamu hii isionyeshwe kabisa. Mamlaka mawili katika mkono mmoja: kueleza na kukataza. Tumezoea hivyo mpaka tunadhani ni jambo moja. Lakini si jambo moja. Mtu anaweza kueleza bila kukataza. Na mashabiki hawa ninaowasimulia, wengi wao wanawake, wengi wao wakiandika baada ya kazi za mchana, ndio waliotuonyesha namna ya kuyatenganisha.

Vipi? Hapo ndipo tunafika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo.

Mwaka huohuo wa 2007 mashabiki walianzisha shirika lisilo la faida, Organization for Transformative Works. Miongoni mwa waanzilishi alikuwamo Naomi Novik, ambaye leo ni mwandishi mashuhuri wa riwaya. Walisema: tukiendelea kukaa kwenye nyumba za watu, kila siku tutafukuzwa. Tujenge yetu. Wakaanza kujenga maktaba ya mtandaoni, na jina lake wakalifuatisha insha maarufu ya Virginia Woolf ya mwaka 1929, ile inayosema kwamba mwanamke akitaka kuandika anahitaji fedha na chumba chake mwenyewe. Wakaiita Archive of Our Own. Mashabiki wanaiita kwa kifupi AO3. Ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009. Haina matangazo ya biashara, inaishi kwa michango, inaendeshwa na watu wanaojitolea. Leo ina zaidi ya hadithi milioni kumi, na mwaka 2019, mjini Dublin, ilipewa tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fasihi ya kubuni ya sayansi na maajabu.

Lakini kabla haijafunguliwa, katikati ya mwaka huo wa 2009, palizuka ugomvi mkali baina ya mashabiki wenyewe. Ugomvi juu ya maonyo. Nataka nikusimulie pande zote mbili, kwa sababu kila upande ulikuwa na hoja ya kweli.

Upande mmoja walikuwa waandishi. Wakasema: mimi nimejenga hadithi yangu ili msomaji ashtuke mwishoni. Nimeificha siri ya kifo cha mhusika kurasa mia mbili. Ukinilazimisha niandike juu kabisa kwamba anakufa, umeniulia hadithi. Riwaya ya dukani haina onyo. Kwa nini yangu iwe nalo?

Upande wa pili walikuwa wasomaji, na kati yao walikuwamo manusura wa ubakaji. Wakasema: wewe unaita mshtuko, mimi mwili wangu unarudi siku ile. Natetemeka, silali, kesho siendi kazini. Sikukatazi kuandika. Nakuomba uniambie tu, ili nichague siku na saa ya kuisoma, au nisiisome.

Wewe ungemhukumu nani, msikilizaji? Kaa nalo kidogo. Mimi moyo wangu uko kwa msomaji yule. Lakini mwandishi naye namwelewa. Mtunzi yeyote anayemjali msomaji wake anajua uzito wa siri iliyotunzwa mpaka mahali pake.

Maktaba mpya ilipata jibu ambalo mimi naliona la hekima kubwa, na kama utalisahau lote la leo, hili libaki nawe. Ilichagua mambo manne tu ya lazima. La kwanza, ukatili unaoonyeshwa waziwazi. La pili, kifo cha mhusika mkuu. La tatu, ubakaji. La nne, ngono inayomhusu mhusika mwenye umri mdogo. Mambo manne, basi. Kisha ikampa kila mwandishi njia tatu. Anaweza kuweka alama kwenye lile linalohusika. Anaweza kutangaza kwamba hakuna hata moja kati ya hayo manne ndani ya hadithi yake. Au, njia ya tatu, anaweza kuandika kwamba amechagua kutotoa maonyo.

Njia ya tatu ndiyo nzuri. Mwandishi anaruhusiwa kunyamaza. Asichoruhusiwa ni kunyamaza kimyakimya. Lazima aseme kwamba amenyamaza. Kwa hiyo mwandishi wa siri anabaki na siri yake, na yule msomaji aliyeumia anajua kwamba mlango huu hauna maelezo, yaliyomo yanaweza kuwa yoyote, na akiingia ameingia kwa kujua. Hakuna aliyedanganywa.

Tafadhali usichanganye njia ya pili na ya tatu, maana wasomaji wapya huzichanganya sana. "Hakuna onyo linalohusika" ni ahadi. "Nimechagua kutotoa maonyo" si ahadi ya chochote. Na ahadi ikivunjwa? Tuseme mwandishi ametangaza kwamba hamna hata moja kati ya yale manne, kumbe ubakaji umo. Msomaji analalamika kwa wasimamizi. Wasimamizi wanasoma, wanamtaka mwandishi arekebishe lebo. Akikataa, wanaweza kuibadilisha wenyewe iwe ile ya kutotoa maonyo. Angalia kinachorekebishwa hapo. Ni lebo. Hadithi inabaki ilivyo. Pale LiveJournal lebo ilifungisha ukurasa. Hapa ukurasa unabaki na lebo inanyooshwa.

Pamoja na maonyo hayo manne kuna daraja la umri. Zipo lebo za hadithi za watu wote, za vijana na kuendelea, za watu wazima, na za wakubwa watupu zisizoficha kitu. Tena mwandishi anaweza kuacha bila daraja, na mfumo utaichukulia hadithi kana kwamba ndani mna mambo ya wakubwa: kabla msomaji hajafunguliwa, anaulizwa kama yuko tayari kuendelea.

Halafu zipo lebo za hiari, na hapa, msikilizaji, ndipo penye raha. Mwandishi anaandika anachotaka kwa maneno yake. Wanalala kitanda kimoja kwa sababu hoteli imejaa. Maadui wanaishia kupendana. Mwisho mwema, naapa. Huzuni nyingi lakini kuna faraja. Hizi nazo ni habari kwa msomaji. Tumezoea kudhani lebo kazi yake ni kutisha, kumbe nusu ya kazi yake ni kualika. Mtu aliyemzika mama yake mwezi uliopita anaweza kuchuja asione hadithi yoyote yenye kifo. Mwingine aliye katika msiba uleule anatafuta hasa hadithi ya mtoto anayemlilia mama, kwa sababu anataka mtu wa kulia naye. Lebo ileile moja, mmoja anaikimbia, mwingine anaifuata. Ndiyo maana nasema lebo inatoa habari, na uamuzi ni wa msomaji.

Ipo lebo moja ya hiari ambayo kwa Kiswahili tungesema "Njiwa mfu, usile." Inatoka kwenye mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani, Arrested Development. Mtu anafungua friji, anakuta mfuko ulioandikwa kwamba ndani mna njiwa mfu, usiliwe. Anaufungua. Anamkuta njiwa mfu. Mashabiki wakaichukua. Ukiiona juu ya hadithi, mwandishi anakuambia: lebo zote nilizoziandika hapo juu ni kweli tupu, sikuziongezea chumvi wala sitazilainisha mwishoni, ukifungua utakuta hichohicho. Hapo msomaji aliyefungua hana wa kumlalamikia.

Sasa utaniuliza: kila mtu akiandika lebo kwa maneno yake, msomaji atapataje anachotafuta? Mmoja ameandika "kifo cha mama", mwingine "mama anafariki", mwingine "mzazi amekufa". Swali zuri. Jibu ni watu. Maktaba hiyo ina mamia ya wanaojitolea ambao tunaweza kuwaita wachunga lebo. Kazi yao ni kukaa na lebo zilizoandikwa na waandishi na kuziunganisha nyuma ya pazia, ili anayetafuta moja azipate na ndugu zake. Hawamsahihishi mwandishi. Maneno yake yanabaki vilevile alivyoyaandika. Mtu anarudi kutoka kazini, anakula, kisha anakaa saa nzima akipanga lebo za hadithi ambazo hatazisoma kamwe, kwa ajili ya msomaji asiyemjua, na halipwi. Kila ninapolifikiria hilo nafurahi. Mashine zinajaribiwa kila mahali kufanya kazi ya namna hii, na tuliona mwaka 2007 nini hutokea neno likitazamwa bila kusomwa.

Nisikufiche, wapo wanaopinga. Watafiti wa saikolojia wamepima maonyo ya aina hii, na mwaka 2023 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja. Ulionyesha kwamba onyo halimpunguzii mtu uchungu wa alichokisoma au kukitazama. Zaidi ya hapo, linamtia wasiwasi kabla ya kuanza. Na katika tafiti hizo watu walioonywa kwa kawaida waliendelea tu.

Je, basi lebo hazina maana? Mimi sioni hivyo. Tafiti hizo zinatuambia onyo si dawa, na ni vizuri kulijua hilo, asije mtu akadhani ameandika lebo basi amemtibu msomaji. Lakini mbele ya hadithi milioni kumi msomaji hapokei maandishi mezani kwa mtafiti. Anachuja. Anasema nionyeshe hizi, niondolee zile. Zile alizoziondoa hazioni kabisa. Kinachofanyika hapo ni kumpa mtu nafasi ya kupanga asichotaka kukutana nacho leo, na nafasi hiyo ni heshima kwake hata kama haimponyi.

Kuna jambo ambalo lebo haziwezi, nalo tuliseme. Haziwezi kumzuia anayekuja kutafuta ugomvi. Februari 2020, nchini China, baadhi ya mashabiki wa mwigizaji Xiao Zhan walikasirishwa na hadithi moja iliyomhusu iliyokuwa AO3. Wangeweza kuipita. Wakaamua kuishitaki kwa mamlaka. Tarehe 27 kampeni ikapamba moto, na kufikia tarehe 29 maktaba nzima ilikuwa haifunguki nchini humo. Mamilioni ya hadithi, kwa sababu ya moja. Wasomaji wengine wakalipiza kwa kususia bidhaa alizokuwa akizitangaza mwigizaji huyo, ambaye hadithi hakuiandika yeye. Kila mtu aliumia.

Na watoto? Najua mzazi mmoja huko amekuwa akinisubiri hapa tangu mwanzo. Mama, baba, ukweli ni huu: lebo inayosema ni ya wakubwa haifungi mlango kwa kufuli. Mtoto anabonyeza kwamba yuko tayari kuendelea, anaendelea. AO3 yenyewe inataka mwenye akaunti awe na miaka 13 au zaidi, lakini kusoma hadithi zake nyingi hakuhitaji akaunti. Ila lebo inakupa wewe mzazi kitu ambacho hukuwa nacho: lugha ya kuzungumza na mwanao. Kaa naye. Mwambie akuonyeshe lebo, usimwambie akuonyeshe hadithi. Muulize hii maana yake nini, na hii wewe unaipita au unaisoma, na kwa nini. Utashangaa jinsi kijana wa miaka kumi na sita alivyokwisha kujiwekea mipaka yake, mara nyingine mikali kuliko ambayo ungemwekea wewe.

Nimalizie nyumbani, maana jambo hili haliko mbali nasi. Watambaji wetu hawakuanza kisa bila kugonga mlango. Paukwa, pakawa. Hadithi, hadithi, hadithi njoo. Msikilizaji anajua kinachokuja ni cha kubuni, na anaitikia mwenyewe kwamba yuko tayari. Na leo hii, kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, Kiswahili kina maelfu ya simulizi zinazotoka sehemu kwa sehemu, kila moja ikiishia "itaendelea". Ukizitazama utaona waandishi wetu nao wameshaanza kujitungia lebo. Mmoja anaandika juu kabisa "Simulizi". Mwingine anaandika "Chombezo", na kila mtu mzima anajua chombezo ni nini, hahitaji kuelezwa. Wengine wanaongeza "18+" au "wakubwa tu".

Mwanzo mzuri. Lakini tazama zinaeleza nini. Zinatuambia kama mna mapenzi ya chumbani au hamna. Hazituambii kama mapenzi hayo ni ya hiari. Nimesoma machombezo ambayo ndani yake binti anabebwa kwa nguvu ukurasa wa tatu na kufikia ukurasa wa sita anampenda aliyembeba, na juu yake pameandikwa tu kwamba ni tamu, wakubwa tu. Msomaji aliyepitiwa na jambo hilo maishani mwake, na wako wengi kuliko tunavyokubali kusema, anafika ukurasa wa tatu bila silaha yoyote. Sisemi mwandishi asiandike kisa cha namna hiyo. Fasihi ina haki ya kuingia gizani. Nasema aliyeingia nasi atuambie kuna giza.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa simulizi unayenisikiliza, iwe uko Mbagala, Kisumu, Bukavu au Muscat, nina ombi. Sehemu ya kwanza utakayoituma kundini kesho, chini ya jina la hadithi na jina lako, ongeza mistari miwili. Wa kwanza, ni ya umri gani. Wa pili, mna nini ndani: mna kifo, mna kipigo, mna kulazimishana, au hamna. Na kama una siri hutaki kuitoa, andika hivyo: mwandishi amechagua kutosema. Wasomaji wako watakuelewa. Na ukipenda kuipeleka hadithi yako kwenye ile maktaba niliyoisimulia, kwenye orodha yake ya lugha Kiswahili kimo, na pale hutapitishwa bila kuulizwa maswali hayohayo.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya wasomaji wanaosoma vitabu kwa sauti kwenye simu kwa ajili ya wasioona.